Pesa Iko Kati ya Mlango na Mlango

Mwaka 2009 Mwingereza mmoja kutoka Essex, Terry Burrows, alisafisha madirisha matatu ya ofisi kwa sekunde 9.14, na jina lake likaandikwa katika rekodi za dunia za Guinness. Madirisha hayo si vitundu vya chooni. Kila moja lina zaidi ya mita moja kwa mapana na kwa marefu, kipangusio kinachoruhusiwa ni cha sentimita 30, maji ni lita tisa basi, na mchirizi unaobaki kiooni huongeza adhabu ya muda. Mtu akipiga hesabu ya harakaharaka ataona kwamba nyumba ya kawaida yenye madirisha kumi ni kazi ya nusu dakika, na kwamba fundi kama huyu angeumaliza mtaa mzima kabla ya chai ya saa nne.

Haumalizi, wasikilizaji. Msafishaji hodari anayefanya kazi peke yake akirudi nyumbani jioni huwa amemaliza nyumba ishirini hivi, na mgongo unamuuma. Saa zake zimekwenda wapi? Zimeliwa na foleni ya magari, na kutafuta pa kuegesha, na kushusha vyombo na kuvipakia tena, na geti la uani lililofungwa kwa komeo, na mzee wa nyumba ya pembeni ambaye hajaongea na mtu tangu juzi na sasa anataka kueleza habari za paka wake. Kioo chenyewe ndicho kilichochukua muda mchache kuliko vyote. Anayetaka kula kwa kazi hii na aanze kufikiri hapo, kwenye nafasi iliyopo kati ya mlango na mlango.

Nchini Uingereza kazi hii ina mpangilio wa miaka mingi. Msafishaji huwa na raundi yake, yaani kundi la nyumba anazozirudia kila baada ya wiki nne, sita au nane bila kusubiri kuitwa. Mwenye nyumba hapigi simu. Anajua tu kwamba wiki fulani ya mwezi kuna mtu atapita, na mpitaji naye anajua Jumanne yake itaishia mtaa upi. Kibarua huamka na kuanza upya kutafuta kazi, mwenye raundi huamka kazi ikiwa imeshapangwa. Kwa wasemaji wa Kiswahili walioko London au Leicester kazi hii huvutia kwa sababu haidai cheti wala mtaji mkubwa. Ndoo, ngazi, kipangusio, matambara na uso wa bashasha vinatosha kumwanzisha mtu.

Hebu ichukuliwe hesabu ya mfano. Nyumba ishirini za pauni 15 ni pauni 300 kwa siku. Zikiwa zimetawanyika mji mzima, dakika kumi za gari kati ya moja na nyingine, zaidi ya saa tatu zimeishia barabarani, bado mafuta. Nyumba hizo hizo zikiwa katika mtaa mmoja, gari linaegeshwa mara mbili au tatu na zile saa tatu zinageuka kuwa nyumba nyingine za kulipwa. Ndiyo maana wazoefu hawampokei kila mteja anayejitokeza. Anayeishi maili sita pembeni, hata akitoa pauni 20, anaweza kuwa hasara kuliko jirani wa pauni 12 ambaye ukuta wake umepakana na nyumba iliyokwisha kusafishwa.

Basi raundi hujengwa kwa kushikilia mtaa. Fundi akipata nyumba namba 14, hubisha hodi namba 12 na namba 16 siku hiyo hiyo, ngazi ikiwa bado imeegemezwa ukutani na kioo cha jirani kinang'aa mbele ya macho ya mtu. Saa za kubisha ni jioni watu wakishatoka kazini, kabla hawajaketi kula, au Jumamosi asubuhi ambapo hawajatoka. Penye kibandiko kinachokataza wapiga hodi, apite zake. Kulazimisha hapo ni kujichafulia jina mtaa mzima. Na maneno ya mlangoni yawe machache: anamhudumia jirani, bei ya nyumba hii ni kiasi fulani, atapita kila baada ya wiki nne. Anayesema atarudi baadaye kutaja bei mara nyingi hukuta mlango haufunguki tena.

Bei yenyewe hupatikana kwa kuhesabu. Uingereza iliwahi kuwa na kodi ya madirisha, kuanzia mwaka 1696 hadi 1851, na wenye nyumba wakaziba baadhi ya madirisha kwa matofali ili walipe kidogo. Madirisha hayo yaliyozibwa yangali yakionekana kwenye kuta za nyumba za kale. Msafishaji hufanya kazi ile ile ya mtoza kodi wa zamani: husimama barabarani na kuhesabu. Ila haishii kwenye idadi. Dirisha lenye vioo vidogo vidogo vilivyounganishwa kwa risasi hula muda kuliko kioo kimoja kipana, na chumba kilichoongezwa nyuma ya nyumba, chenye paa la vioo, kinataka bei yake peke yake. Asiyezunguka uani kabla ya kutaja bei hujuta akiwa tayari ameahidi.

Safari ya kwanza hutozwa zaidi, mara nyingi maradufu, kwa sababu fremu zina uchafu wa miaka, utando wa buibui na kinyesi cha ndege kilichokauka. Hilo lisemwe waziwazi mwanzoni. Vilevile nyumba ya kila wiki nane haiwezi kuwa na bei ya nyumba ya kila wiki nne, kwa kuwa uchafu wake ni wa miezi miwili. Adui mkubwa wa ratiba ni mteja anayesema, "Safari hii pita tu, utakuja mwezi ujao." Akisema hivyo mara moja, hakuna neno. Akiuzoea mchezo huo, anapata usafi wa miezi miwili kwa bei ya mmoja, na fundi anabaki na tundu katikati ya siku yake. Wengi huandika katika makubaliano ya mwanzo kwamba anayeruka zamu atalipa bei ya juu zamu inayofuata. Baadhi hukasirika wakaondoka, na nafasi yao ikajazwa na jirani.

Halafu kuna mvua, na Uingereza mvua si msimu. Wenye nyumba huamini kwamba kusafisha dirisha wakati wa mvua ni kuiba pesa. Ukweli ni kwamba maji ya mvua yenyewe hayana madini ya kutajika. Kinachochafua kioo ni vumbi, moshi wa magari na chavua vilivyokwisha kukaa pale kabla ya mvua kunyesha. Kioo kilichosafishwa vizuri kikanyeshewa hukauka kikiwa safi. Upepo mkali na barafu ni jambo jingine: hapo fundi huahirisha, hutuma ujumbe, na hulifidia deni hilo la siku haraka, kwa maana ratiba ikichelewa wiki mbili huvuruga hadi miezi inayofuata.

Sasa maji, na hapa ndipo panapofaa kukaa kidogo.

Wakazi wa Dar es Salaam wanaooshea magari kwa maji ya kisima yenye chumvi wanayajua yale madoa meupe yanayobaki bodi ikikauka. Kioo cha dirisha hufanya vivyo hivyo. Tone la maji hukauka, maji yanapotea hewani, madini yanabaki. Kwa karne nzima dawa ya tatizo hili ilikuwa kutoyaacha maji yakauke: kuyakokota yote kwa ukanda wa mpira na kupangusa kingo kwa tambara. Lakini katika miongo ya karibuni wasafishaji wa Uingereza wamegeukia njia nyingine, ya kuyaondoa madini kwenye maji kabla hayajagusa kioo, kisha kuyaacha yajikaukie. Fimbo ndefu ya nyuzi za kaboni, nyepesi, hubeba brashi kileleni. Mpira mwembamba hupandisha maji hadi kwenye brashi. Fundi anasimama chini na kufikia ghorofa ya pili, hata ya tatu.

Maji ya namna hiyo hutengenezwa kwa hatua mbili. Kwanza husukumwa kwa nguvu kupitia utando wenye vitundu vidogo mno, mtambo ule ule unaotumiwa na wauza maji ya kunywa ya madumu Nairobi. Kisha hupitishwa kwenye chombo chenye chembechembe za resini zinazonasa madini yaliyoponyoka. Kipimo cha mfukoni huonyesha kiasi kilichobaki, sehemu ngapi katika kila milioni. Shabaha ni sifuri. Kipimo kikianza kupanda kuelekea 10, wakati umefika wa kubadili resini, kabla wateja hawajaanza kupiga simu kulalamikia madoa.

Gharama ya hatua hizi hutegemea mahali mtu anapoishi, na wanaoanza wengi hawalijui hilo. Maji ya bomba ya London yamepita kwenye mwamba wa chokaa, na kipimo huweza kuonyesha zaidi ya 250. Glasgow inakunywa maji ya ziwa Loch Katrine tangu mwaka 1859, na Manchester inavuta ya Thirlmere tangu 1894; maji ya milimani hayo ni laini mno, mara nyingi kipimo hakifiki hata 50. Fundi wa Glasgow anaweza kutumia resini peke yake na isimkondeshe mfuko. Wa London akijaribu hivyo atanunua resini hadi achoke, kwa hiyo humlazimu kununua mtambo wa utando, ambao nao humwaga sehemu kubwa ya maji yanayoingia. Anayelipia maji kwa mita na alihesabu hilo katika bei zake.

Jambo jingine ni uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, na tangi la lita 400 ni sawa na kupakia watu wazima watano waliokaa kimya nyuma ya gari, ila hawakai kimya gari linapofunga breki. Tangi lifungwe kwa vyuma kwenye mwili wa gari, na uwezo wa gari usomwe kwenye karatasi zake kabla ya kununua tangi. Usiku wa Januari mtambo usiachwe nje: maji yakiganda ndani ya utando, utando umekufa. Na maji yaliyomwagika njiani asubuhi ya baridi hugeuka barafu ya kumwangusha mpita njia.

Namna ya kutumia fimbo haina uchawi, ina utaratibu. Husuguliwa fremu ya juu kwanza, ndipo kioo, ndipo kusuuza kuanzia juu kwenda chini. Kwenye madirisha ya plastiki yenye mianya ya kupitishia hewa juu yake, uchafu hujificha ndani ya mianya na kuchuruzika dakika tano baadaye, fundi akiwa nyumba ya tatu. Hapo wazoefu hupitisha brashi kwenye sehemu ya juu ya madirisha yote, wakazunguka nyumba, ndipo wakarudi kumalizia vioo.

Fimbo haijakiua kipangusio, hasa kwenye maduka na vioo vya ndani. Kifaa hiki kilipata umbo lake la leo kwa Ettore Steccone, mhamiaji wa Kiitaliano aliyekuwa msafishaji huko Oakland, California, aliyepewa hataza yake mwaka 1936. Kabla yake Wamarekani walitumia chuma kizito chenye kanda mbili za mpira na skrubu kumi na mbili za kulegeza kila mpira unapochoka. Steccone alitumia shaba nyepesi na ukanda mmoja mkali. Ukanda huo ndio wa kutazamwa kila siku: ukingo wake ukiwa na mchubuko mdogo tu, utaacha mstari katika kila kioo mpaka jioni. Ugeuzwe upande wa pili, na pande zote zikichoka utupwe. Kuung'ang'ania ni kujipotezea saa kwa ajili ya kitu cha bei ndogo. Wembe wa kukwangulia rangi nao utumiwe kwenye kioo kilicholowa tu, ukisukumwa mbele pasipo kuuvuta nyuma, maana punje moja ya mchanga chini yake huandika mkwaruzo usiofutika.

Ngazi bado ipo, ila sheria imeibana. Kanuni za Uingereza za mwaka 2005 kuhusu kazi za juu hazikupiga marufuku ngazi. Zinasema kazi ya juu iepukwe inapowezekana kufanyika chini. Penye ulazima, ngazi isimame kwa kipimo cha hatua moja nje kwa kila nne za kwenda juu, na kazi iwe fupi. Katika mwaka wa takwimu wa 2023/24 watu 50 walikufa kazini nchini humo kwa kuanguka kutoka juu, idadi iliyopita ile ya sababu nyingine yoyote. Waliokuwa wakisafisha madirisha kwa miaka thelathini bila kuanguka hupenda kuitaja miaka yao. Walioanguka hawapo kwenye mazungumzo hayo.

Malipo zamani yalikuwa mateso ya jioni: fundi aliyechoka alizunguka tena mlango kwa mlango na daftari, nusu ya watu hawapo, wengine wana noti ya hamsini isiyo na chenji. Leo wengi humtaka mteja alipe kwa benki, au aidhinishe mapema kwamba pesa ikatwe kwenye akaunti yake kila kazi inapokamilika. Njia hiyo ya pili ndiyo bora, hata kama kampuni inayokata huchukua sehemu yake kidogo, kwa kuwa inaondoa aibu ya kudai. Ujumbe wa simu usiku wa kuamkia siku ya kazi hufanya mawili kwa mpigo: geti hufunguliwa na mbwa hufungiwa ndani, halafu mtu hukumbushwa deni lake la mwezi uliopita bila kuonekana anadaiwa. Anayefikisha zamu mbili bila kulipa asisafishiwe ya tatu.

Upande wa karatasi, England na Wales hazina leseni ya kazi hii. Scotland ni tofauti: sheria ya mwaka 1982 inaziruhusu halmashauri kuwadai wasafishaji leseni, kwa hiyo swali la kwanza huko ni kwa halmashauri ya mahali. Bima ya madhara kwa wengine hailazimishwi na sheria kwa anayefanya kazi peke yake, lakini fimbo moja ikiangukia paa la vioo la mtu itaeleza vizuri kwa nini bima hiyo hukatwa. Akimwajiri hata msaidizi mmoja, bima ya mwajiri inakuwa lazima, isiyopungua pauni milioni 5. Kodi nayo: mapato yakipita pauni 1,000 katika mwaka wa kodi, ambao huisha Aprili 5, mtu hutakiwa kujiandikisha kabla ya Oktoba 5 inayofuata.

Na neno hili liwafikie vijana waliokwenda kusoma. Visa ya mwanafunzi Uingereza hairuhusu kujiajiri. Mwenye visa hiyo anaweza kufanya saa kadhaa za kazi kwa mwajiri, lakini kuwa na raundi yake ni kuvunja masharti, hata iwe ya nyumba tano za marafiki.

Mwaka ule ule wa hataza ya Steccone, mwimbaji George Formby alitoa wimbo wa kuchekesha kuhusu msafishaji anayechungulia vyumbani mwa watu, na BBC ikaukataa hewani kwa kukosa adabu. Mzaha huo haujaisha, na unasema jambo la kweli kuhusu kazi yenyewe. Msafishaji huona kitanda kisichotandikwa, huona ugomvi wa jikoni, hujua nyumba ipi haina mtu wiki nzima na ufunguo wa geti umefichwa chini ya chungu kipi. Namba za mageti ziandikwe mahali pasipo anwani. Ratiba isibandikwe kwenye kioo cha gari. Na picha ya "kabla na baada" ya kutangazia biashara isionyeshe namba ya nyumba wala sebule ya mtu.

Je, raundi ya namna hii ingeweza kushika Dar es Salaam au Nairobi? Majengo marefu ya vioo ya Posta na Upper Hill yana wasafishaji wa kamba, lakini wale ni watu wa kampuni na zabuni, kama walivyo wale wa Burj Khalifa kule Dubai, jengo la mita 828 ambalo kusafisha vioo vyake vyote huchukua miezi mitatu hivi. Kwa nyumba za kawaida kuna nondo, wavu wa mbu na vioo vya luva, na mara nyingi kuna msaidizi wa nyumbani ambaye dirisha ni sehemu ya kazi yake ya kila siku. Penye mwanya ni kwenye majengo mapya ya ghorofa ya Kilimani na Masaki, yenye vioo vipana ambavyo upande wake wa nje haufikiwi na mkono wa mtu aliye ndani. Huko mlango wa kubisha ni mmoja, wa meneja wa jengo, na nyumba arobaini zimepangwa moja juu ya nyingine. Hakuna mtaa wa Uingereza uliobanana hivyo.

Raundi ikishakomaa huwa mali ya kuuzika. Waingereza huinunua na kuiuza, bei ikitajwa kama mara kadhaa ya mapato yake ya mwezi mmoja, na mnunuzi makini hauulizi kwanza utajiri wa wateja. Hufungua ramani, akaweka alama kwenye kila nyumba, akatazama zilivyosongamana. Kisha huomba kuandamana na muuzaji mzunguko mzima, atambulishwe mlango kwa mlango, na sehemu ya mwisho ya pesa huilipa baada ya kuona ni wateja wangapi wamebaki alipopita peke yake.